Mwaka wa Kuvuka Gogo

Mwaka jana, kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa jirani yangu hapa Pasiansi, nilikalishwa karibu na mzee mmoja mwenye mvi, fimbo kati ya magoti, soda mkononi anaionja kidogokidogo kana kwamba hakutakuwa na nyingine. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akanigeukia, akanitazama usoni kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akasema, "Marahaba, Milembe. Leo umenisalimia vizuri." Ni yeye kabisa, Afande Magesa, aliyekuwa analinda gogo la mpakani mwaka ule niliokuwa nalala Tanzania na kufanya kazi Kenya. Wanakamati waliendelea kubishana kuhusu ukumbi na mapambo, na sisi wawili tukawasikiliza mpaka kikao kikafungwa. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa jikoni bila kuwasha jiko, na binti yangu aliponiuliza kulikoni nikamfokea bure. Nilikuwa na hasira, na haikuwa hasira ya siku ile.

Habari za ukoo wetu siziingizi hapa, hazikunisaidia wakati ule na hazitamsaidia msomaji leo. Itoshe kusema nilikuwa msichana wa Mwanza, nimemaliza kidato cha nne, nimepata kazi kwenye kiwanda cha nguo cha umma, na kabla sijaizoea kelele ya mashine tukaambiwa kiwanda kinapunguza watu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kila kitu ruksa: mitumba ruksa, sabuni za nje ruksa, na kumbe hata kukaa bila kazi ruksa. Viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa ndiyo kwanza vinafunguliwa pale mjini, lakini getini kulikuwa na foleni, na waliopita ni wale wenye shemeji ndani. Mtu mmoja akaniambia kule mpakani, mbele ya Shirati, ukivuka tu upande wa Kenya kuna mwalo, pwani ya kushushia samaki, wenye mtambo wa barafu, na wanataka wasichana wenye mikono myepesi. Nikapanda basi. Sikumuaga mtu vizuri, maana nilidhani nitarudi baada ya mwezi.

Kazi ilikuwa kweli ipo. Sangara walishushwa kutoka kwenye boti, sisi tunapara magamba, tunapasua, tunatoa utumbo, tunawapanga kwenye makreti, barafu chini, samaki, barafu juu, lori linakuja kuchukua kwenda kiwandani. Cha kuchekesha, kama kuna wa kucheka, ni kwamba wengi wa samaki wale walivuliwa upande wetu. Walivuka na hakuna aliyewauliza karatasi. Sisi ndio tuliotakiwa kuwa nazo. Mchana pale mwaloni ulikuwa mfanyakazi, unaitwa kwa jina, unatumwa huku na huku. Jua likizama unageuka mgeni asiye na kipande, yaani kitambulisho chao, na askari wao wakipita wakakukuta ni ndani. Kwa hiyo jioni tulirudi upande wetu, asubuhi tunavuka tena. Mpaka wenyewe, kwenye njia ile ya miguu, ulikuwa gogo la mti lililolazwa juu ya panda mbili, kando yake kibanda cha makuti na askari mmoja upande wa Tanzania. Upande wa pili hapakuwa hata na kibanda.

Tulikuwa watatu kwenye chumba kimoja kijijini, upande wetu wa mpaka. Bhoke, Mkurya, binti wa umri wangu mwenye ulimi wa upupu na mabega ya kubebea gunia, ndiye aliyenitafutia nafasi. Wa tatu alikuwa Mama Akinyi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, Mjaluo wa vilima vya palepale juu ya kijiji. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Aliniita Nyar Mwanza, yaani binti wa Mwanza, na siku ya kwanza alinipokonya kisu mkononi akacheka, "Unampapasa samaki kama unamwonea huruma. Alishakufa, mama. Mkate." Kitanda kimoja kilikuwa chake kwa ajili ya umri, kingine tulilala mimi na Bhoke, mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu. Ukuta tuliubandika magazeti ya zamani ili udongo usitudondokee. Kuta hazikufika juu, ziliishia kwenye kenchi, kwa hiyo kila lililosemwa chumba cha pili tulilisikia, na yetu waliyasikia. Harufu ya samaki ilikuwa kwenye blanketi, kwenye nywele, kwenye maji ya kunywa. Tulikula ugali wa muhogo na mtama, mweusi, mzito, na kichwa cha sangara tulichopewa mwaloni, tunakichokonoa mpaka macho. Mama Akinyi ndiye aliyegawa, na kila mara alijisahau. Ukimwambia, "Mama, na wewe?" anajibu, "Mimi nimeshiba kwa kuwatazama." Nilimwamini, mjinga mimi.

Nilishangaa mtu wa palepale kupanga chumba na wageni kama sisi. Bhoke ndiye aliyenieleza, tukiwa tunafua. Mama Akinyi aliolewa, mume akapotelea visiwani na mwanamke mwingine, naye akaondoka kwenye ndoa ile na binti yake. Kwa mila za kwao, mtoto wa kike aliyekwisha kuolewa hana tena mahali pa kulala kwenye boma la baba yake. Akilala, anawaletea ndugu zake mkosi. Baba alishakufa, boma lilikuwa mikononi mwa kaka yake, Ouma, mtu mkali wa mila kuliko wazee wenyewe. Binti, huyo Akinyi, aliruhusiwa kukaa kwa bibi yake. Mama yake hakuruhusiwa. Kila Jumapili baada ya ibada alipanda kilima na sabuni na sukari kwenye kikapu, anakaa na mama yake mzazi na mtoto wake mpaka jua linapolegea, halafu anashuka. Siku moja nilimwuliza mwenyewe kama haimuumi. "Inaniuma," alisema. "Sasa nifanyeje, nimle Ouma?"

Afande Magesa pale kwenye gogo alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mpole, mwenye haya ya kijijini. Sisi wasichana tulimwamkia shikamoo, kwa sababu ya umri na kwa sababu ya bunduki. Yeye naye alimwamkia Mama Akinyi, kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni: "Shikamoo, mama." Naye anajibu, "Marahaba, mwanangu. Bado hujaoa tu? Unangoja nizeeke nisiweze kucheza harusini?" Afande anacheka anainamisha kichwa, anainua gogo. Hakuna aliyetudai kitu. Ndiyo ulikuwa mwanzo wa siku zetu, na nakiri kwamba miezi ile ya kwanza nilikuwa na furaha. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa mbali na waliokuwa wakiniuliza utaolewa lini, na jioni kulikuwa na mtu wa kunicheka.

Kisha Mama Akinyi akaanza kukohoa. Kwanza tulisema ni barafu. Wote tulikohoa kidogo kwa ile barafu. Halafu akapungua. Gauni lake la kazi lilianza kumning'inia, akalikaza kwa kamba ya nyavu, na mikono yake ikabaki mishipa. Zahanati walimpa dawa ya malaria, wakampa tena, wakampa ya minyoo. Hakuna aliyesema jina la ugonjwa. Wakati ule ulikuwa hautajwi, unazungukwa tu. Usiku mmoja tukasikia juu ya ukuta, mke wa fundi baiskeli anamwambia mumewe bila hata kupunguza sauti: "Huyo mama wa samaki kakanyaga waya. Mimi watoto wangu hawachoti tena maji kwenye kata ile." Bhoke akaruka kitandani, akaugonga ukuta kwa ngumi mpaka magazeti yakachanika. "Njoo useme huku, mbwa wee! Njoo!" Mama Akinyi akasema taratibu kutoka kitandani kwake, "Mwache. Anaogopea watoto wake." Kulipokucha alikwenda kuchota maji na ndoo yake mwenyewe na kata yake mwenyewe, na akamwamkia yule mwanamke kwa jina.

Tulimwambia apumzike, hakutaka. Alichokuwa anakiogopa nilikijua siku walipomzika kijana wa Ukerewe. Alikuwa mvuvi, aliumwa tumbo la kuhara siku mbili, akafa mwaloni upande wa Kenya. Hakuna aliyejua kwao hasa ni kisiwa gani. Walimlaza nyuma ya banda la injini ya barafu, kwenye uwanja wa majivu na magamba, palipokuwa tayari na vichuguu vitatu vinne vya watu wa namna ileile. Hapakuwa na jina, hapakuwa na msalaba. Injini haikuzimwa hata wakati wa kufukia. Sisi tulisimama na visu vyetu mkononi, maana lori lilikuwa linangoja. Tulipokuwa tunarudi jioni Mama Akinyi alinishika mkono karibu na gogo, akasema, "Nyar Mwanza, mimi nisilazwe pale." Nikamwambia asiseme maneno hayo, atapona. Akanikaza mkono. "Sijakuuliza kama nitapona. Nikianguka kule, nirudisheni kwa mama yangu. Usiniache na ile injini. Na msilie njiani. Kwetu aliyekufa ugenini haliliwi mpaka afike nyumbani. Ukimlilia njiani, anabaki hapohapo ulipomlilia." Nikasema sawa. Umri ule unasema sawa kwa kitu chochote, mradi mtu aache kukukaza mkono. Na bado akaendelea kuvuka, maana bila kuvuka hakuna sabuni wala sukari ya kupeleka kilimani, na bila kikapu asingekuwa na sababu ya kupanda.

Alikufa mchana wa jua kali, ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, anapanga samaki. Hakuanguka. Aliegemea tu nguzo. Nilimwita mara mbili anipe barafu, mara ya tatu nikamgeukia kwa hasira, nikaona. Bhoke aliniwahi, akaniziba mdomo kwa kiganja chake chenye magamba. Meneja wa banda, kijana wa Kisumu aliyeitwa Fred, akaja mbio, akasimama mbali. "Ai, nyinyi! Hii ni maneno gani sasa mnaniletea? Huyu mama hana kipande. Nikiita polisi watampeleka mochari Migori, na hapo itakuwa nyinyi na serikali, mimi sijui. Ama tumuweke hapo nyuma leo leo, iishe." Bhoke akamwambia, "Hapo nyuma utawekwa wewe." Nafikiri Fred hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uso wa mtoto aliyevunja chungu cha watu. Alituletea baiskeli yake mwenyewe, halafu akatuletea karai la barafu, akasema jua ni kali, tumpangie kidogo kifuani na mgongoni. Bhoke alilipiga teke lile karai. "Huyu si samaki!" Barafu ikatawanyika sakafuni na hakuna aliyeiokota.

Tulimvika sweta lake, tukamfunga kilemba mpaka kwenye nyusi, tukamkalisha kwenye keria ya baiskeli kama wagonjwa wote wa pande zile walivyokuwa wakibebwa. Bhoke alishika usukani na kusukuma. Mimi nilitembea nyuma, nimemkumbatia kiunoni, kichwa chake kimelala begani kwangu. Bado alikuwa na joto. Hilo ndilo lililonitesa, alikuwa na joto na alikuwa ananuka samaki kama mimi, na kila baiskeli ilipopanda jiwe pumzi fulani ilimtoka, nikadhani tumekosea, yu hai. "Usilie," Bhoke alikuwa anasema bila kugeuka. "Milembe, ukilia nitakuua. Usilie." Watu tuliokutana nao walitusalimia, "Poleni na mgonjwa," nasi tukajibu, "Asante, tumeshapoa." Tulijibu vizuri kabisa. Meno yalikuwa yananiuma kwa kuyakaza.

Afande Magesa alituona kwa mbali akasimama. Hofu yangu ilikuwa moja tu: akijua, ni lazima azuie, ndiyo kazi yake. Maiti haivuki mpaka hivihivi, inataka vibali na wakubwa wa Tarime huko, na akiizuia itarudishwa tulikotoka, na kule ni ile injini. Tukafika. Akamtazama Mama Akinyi, na kwa sababu ndivyo alivyozoea akasema, "Shikamoo, mama."

Kimya. Ni kitu kigumu, shikamoo isiyojibiwa. Mtu aliyelelewa haiachi ikining'inia hewani, hata adui huijibu. Nilisubiri aitikie. Wallahi nilisubiri, miezi yote ile alikuwa ameitikia. Na kimya kilipozidi nikasikia sauti inasema, "Marahaba," na sauti ilikuwa yangu. Mimi, kitoto cha juzi, nimemwitikia marahaba askari mwenye umri wa kaka yangu mkubwa. Bhoke alifumba macho. Afande Magesa alinitazama mimi, akatazama kilemba, akashusha macho mpaka miguuni. Ndala moja ilikuwa imedondoka tusijue wapi. Nilimwona anapoelewa, shavu lilimcheza. Kisha akavua kofia, akaibana kwapani, akainua gogo kwa mikono miwili mpaka juu kabisa ya kichwa chake, kuliko alivyopata kuliinua. "Mgonjwa wenu amechoka," alisema. "Mpelekeni nyumbani, msimcheleweshe." Tulipokwisha kupita alikuwa bado amelishikilia juu, na nyuma yetu kulikuwa hakuna mtu.

Kilima kile tulikipanda alasiri yote, tunapumzika tunaendelea, na mwili ulikuwa umeanza kukakamaa, tukalazimika kumfunga kwa khanga zetu. Tulipoliona boma, ua wake wa minyaa umezunguka nyumba tatu, Bhoke aliiachia sauti. Sijapata kusikia ukunga kama ule. Alikuwa ameubeba tangu mwaloni. Mimi nilifungua mdomo, machozi yakaja yenyewe, nikakaa chini vumbini. Nilisema moyoni, mama, tumekuleta. Sikujua kitu.

Ouma alitoka akasimama katikati ya mlango wa ua, mikono ameipanua kidogo, hivi, kama anazuia ng'ombe. Hakuwa anatutukana. Alikuwa analia pia, nataka niseme hilo. Lakini alisema kwa Kiswahili ili sisi wageni tuelewe, "Dada yangu haingii. Alishaolewa, na kwa mumewe hakurudi. Akilazwa ndani ya boma la baba, watoto wangu watakwisha. Atalala nje ya ua." Bhoke akamwambia tumetoka naye Kenya, tumempitisha kwa askari, leo hatua kumi zinamshinda? Wazee waliitwa, wakakaa, wakasema Ouma yuko sahihi. Akatandikiwa mkeka nje, chini ya turubai, na mama yake akatoka ndani akaketi naye. Ajuza mdogo, mkavu. Akinyi alikuja akalala kichwa kwenye paja la bibi yake. Kesho yake kaburi lilichimbwa nje ya minyaa, katekista akaomba, akafukiwa. Alikuwa kwao, na hakuwa kwao. Nilimchukia Ouma siku ile, na wale wazee, na Mungu sikumwacha salama.

Watu walipokuwa wanatawanyika yule ajuza aliingia ndani akatoka na panga. Alikwenda kwenye ua akaanza kukata matawi ya minyaa, maziwa yake yanamchuruzika mikononi, yale maziwa yanayopofusha, naye hajali. Akakata rundo. Akaanza kuyachomeka ardhini, upande wa nje wa kaburi, moja baada ya moja, kutoka kona ya ua akizunguka kaburi mpaka kona nyingine. Ouma alipoona akaja mbio. "Mama, hapana. Mila zinakataza." Ajuza hakuinua hata kichwa. Alijibu kwa Kijaluo, na Bhoke akanitafsiria kwa sauti ya chini: "Mila nimezikuta. Huyu nimemzaa." Ouma alisimama pale muda, mikono imelegea. Hakumnyang'anya panga. Sisi wawili tulipiga magoti tukamshikia matawi, Akinyi akawa anakandamiza udongo kwa kisigino, na jua lilipozama ua mpya ulikuwa umelizunguka kaburi lote, mfupi, unafika magotini.

Jumatatu tulivuka kwenda kazini. Mtu anakula. Nilimaliza mwaka ule, na masika yaliposhika nilipanda kilima kuaga, maana nilikuwa narudi Mwanza. Minyaa ilikuwa imeshika yote, imenifika kiunoni. Ua wa zamani uliokuwa kati ya kaburi na nyumba ulikuwa umeng'olewa, na mahali pake Akinyi alikuwa ameanika mtama. Nyumba ya Ouma haikuwa na paa. Alikuwa amewachukua mke na watoto, mabati na milango, amekwenda kuanzisha boma lake upande wa pili wa kilima, na hakuwa anafika pale hata kusalimia. Nilimwuliza ajuza kama haogopi kubaki na mtoto tu, bila mwanamume kwenye boma. Alinielewa, akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, polepole, "Mimi nilizaa watoto wawili. Moja imehama. Moja imerudi." Halafu akanisukumia ungo, nimsaidie kupepeta.